Kuku wa Nyama: Hesabu Huanza Siku ya Kuchinja

Kila mwaka sikukuu zinapokaribia, bei ya kuku hupanda katika masoko yetu ya Uganda, na katika kambi za jeshi na nyumba za polisi utamsikia mama akisema, “Mwaka huu nitafuga wangu mwenyewe.” Neno hilo ni jema, nasi twaliunga mkono. Lakini wengi huanza kwa furaha na kumaliza kwa hasara, kwa sababu hununua vifaranga kwanza, kisha ndipo hufikiri watawachinja lini, wapi, na nani atawala. Leo twataka kuonyesha kwamba hesabu ya kuku wa nyama hupigwa kutoka mwisho kurudi mwanzo.

Kuku wa kienyeji hukusubiri. Anajitafutia punje na wadudu uani, na akikaa mwezi mmoja zaidi hakudai kitu kikubwa. Kuku wa nyama hakusubiri hata kidogo, kwani amechaguliwa na wataalamu kizazi baada ya kizazi ili akue upesi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, nchini Canada, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo walilea pamoja, kwa chakula cha namna moja, kuku wa nyama wa mbegu ya mwaka 1957, ya mwaka 1978 na ya mwaka 2005. Walipofika siku 56, wale wa kwanza walikuwa na wastani wa gramu 905, wa pili gramu 1,808, na wa tatu gramu 4,202. Mwili unaokua kwa mbio hizo hutaka chakula kila saa, na kuku akiachwa akae mno, miguu na moyo wake huanza kushindwa kuuchukua mzigo. Katika ufugaji wetu wa nyumbani, kuku anayefika kilo 2 kwa siku 42 amefanya kazi yake vyema.

Kupanga tarehe

Tuseme familia yataka kuchinja tarehe 24 Desemba. Ukirudi nyuma siku 42, vifaranga wa siku moja hawana budi kufika nyumbani tarehe 12 Novemba. Kabla ya hapo chumba kiwe kimeoshwa, kimekauka, na kutandikwa maranda au maganda ya kahawa kwa kina cha vidole vitatu au vinne. Kabla ya yote, omba ruhusa ya mkuu wa kambi au kituo, kwa maana nyumba ya serikali ina kanuni zake, na harufu ya kuku huvuka ukuta ikamfikia jirani.

Ratiba ya chanjo inayofuatwa na wengi ni hii: siku ya 7, yaani tarehe 19 Novemba, chanjo ya kideri, ambao wengine huuita mdondo; siku ya 14, tarehe 26 Novemba, chanjo ya Gumboro; na siku ya 21, tarehe 3 Desemba, kideri kwa mara ya pili. Daktari wa mifugo wa mahali pako aweza kuibadili ratiba hiyo kwa kadiri ya magonjwa yaliyopo, naye asikilizwe. Chanjo ya kunywesha haitiwi katika maji ya bomba yenye dawa ya klorini, kwani huuawa humo. Tumia maji safi ya mvua au ya kisima. Wanyime kuku maji kwa saa moja au mbili kwanza, ili wapate kiu na kuimaliza chanjo upesi.

Joto, na hatari yake

Juma la kwanza kifaranga hutaka joto la nyuzi 32 hadi 35 za sentigredi, kisha hupunguziwa nyuzi 3 hivi kila juma. Asiye na kipimajoto awatazame vifaranga wenyewe. Wakijikusanya chungu moja wana baridi. Wakikimbilia kuta na kuhema kwa midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika wakila na kulala kwa utulivu, wako sawa.

Hapa pana neno zito. Katika nyumba ya chumba kimoja au viwili, baadhi ya watu hulea vifaranga ndani na kuwasha sigiri usiku kucha, milango na madirisha yakiwa yamefungwa. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyelala hufa bila kuamka. Basi vifaranga wa mkaa walelewe katika banda lenye matundu ya kupitisha hewa, mbali na vitanda vya watoto. Kama hakuna banda, ngoja mpaka upate, kwani hakuna kuku anayelingana na thamani ya mtoto.

Chakula na daftari

Kuku 30 huhitaji nafasi ya mita 3 za mraba wawapo wakubwa, yaani kuku 10 kwa kila mita moja. Mpaka siku ya 42 kuku mmoja hula takriban kilo 4: kilo moja na kidogo cha kuanzia katika majuma matatu ya kwanza, na kinachosalia ni cha kukuzia. Kwa kuku 30 ni kilo 120 hivi. Chakula huchukua thuluthi mbili ya gharama yote au zaidi, na maji hunywewa kwa uzito wa karibu mara mbili ya chakula.

Sasa tazama juma la saba. Kuku mkubwa hula gramu 150 au zaidi kwa siku. Kuku 30 watakula kilo 4 na nusu kila siku, yaani zaidi ya kilo 31 kwa juma moja tu la kuchelewa, na kila kilo ya chakula huzaa nyama pungufu kuliko ile ya majuma ya awali. Kuku amekuwa mkubwa machoni, huku mfuko wa mama ukipungua. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Walisema pia kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Andika kila gunia, kila kifo, na kila chanjo. Pima kuku watano kila juma, ili ujue kama njia ni ile uliyoikusudia.

Kwa familia isiyo na jokofu, si busara kuwachinja wote siku moja. Anza na walio wazito tangu siku ya 38, umalize siku ya 45. Watakaouzwa wakiwa hai watafutiwe wanunuzi tangu juma la nne, wala si asubuhi ya sikukuu.

Dawa, na kuku mgonjwa

Kila dawa ya mifugo ina siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa au pakiti, yaani siku ambazo nyama haifai kuliwa baada ya dozi ya mwisho. Siku hizo nazo zihesabiwe kutoka tarehe ya kuchinja kurudi nyuma. Ikiwa kuku wameugua katika juma la sita wakapewa dawa, tarehe ya kuchinja isogezwe, hata kama chakula kitagharimu. Aidha, mtu yeyote asithubutu kuwapa kuku vidonge alivyopewa binadamu. Jambo la dawa za kupunguza makali ya Ukimwi kutumiwa kwa nguruwe na kuku lilifikishwa mbele ya kamati ya Bunge la Uganda mwaka 2023. Mwenye kufanya hivyo amnyang'anya mgonjwa dawa yake, na amlisha jirani asichokijua.

Kuku mgonjwa hachinjwi kwa kusudi la kuokoa nyama. Mwezi wa Januari 2017 homa ya mafua ya ndege ilitangazwa nchini Uganda, baada ya ndege wa porini kufa kando ya Ziwa Victoria, na kuku wa kufugwa pia walipatwa. Ukiona vifo vya ghafla vya kuku wengi, usichinje, usiuze, usimgawie mtu. Mwite ofisa wa mifugo, na mizoga ifukiwe kwa kina au ichomwe.

Siku yenyewe

Jioni ya kuamkia siku hiyo, ondoa chakula saa 8 hadi 12 kabla ya kuchinja, maji yaendelee. Utumbo mtupu haupasuki ovyo kuichafua nyama. Mkamate kuku kwa utaratibu, usimkimbize. Dumu la plastiki la lita 5 lililokatwa kitako na kupanuliwa mdomo, likatundikwa ukutani, humshika kuku kichwa chini bila kupigapiga mabawa. Tumia kisu kikali sana, ukate mara moja shingoni, kisha uache damu itoke kwa dakika 2 au 3. Ikiwa wageni Waislamu watakula, Mwislamu na achinje kwa kanuni ya dini yake.

Maji ya kunyonyolea yasiwe yanayochemka, kwa maana huipika ngozi nayo huchanika. Changanya sawa kwa sawa maji yaliyochemka na maji baridi, utapata joto linalokaribia nyuzi 60. Mtumbukize kuku kwa dakika moja hivi, na unyoya mkubwa wa bawa ukitoka kwa urahisi, mtoe. Tenga kichwa na miguu, legeza mfuko wa chakula ulio shingoni, kisha pasua kwa uangalifu chini ya kidari na kuzunguka tundu la nyuma, utoe matumbo mazima. Nyongo ikatwe pamoja na kipande kidogo cha ini, isipasuke. Firigisi ipasuliwe, imwagwe uchafu, na utando wake wa manjano ubanduliwe.

Kuku wa kilo 2 atakupa nyama ya kilo 1.4 hivi. Itie mara moja katika maji safi ya baridi sana, ikiwezekana yenye barafu, kisha ipikwe siku ileile au iwekwe katika jokofu. Ubao na kisu cha nyama mbichi visikatie kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni na maji ya moto. Nyama iive hata maji yanayotoka kwenye paja yasiwe na wekundu. Manyoya na matumbo yafukiwe, mbwa wa kambi wasije wakayasambaza.

Mama atakayeiandika tarehe ya kuchinja katika ukurasa wa kwanza wa daftari lake, kabla hajanunua kifaranga hata mmoja, atajua ni lini atanunua, atachanja, ataacha dawa na atawasha jiko. Juma lijalo, panapo majaliwa, tutaeleza jinsi ya kuyaozesha matandiko ya banda yawe mbolea ya bustani ya mboga.