Kariakoo na Ugomvi wa Wakubwa

Jina la Kariakoo lenyewe ni alama ya ugomvi wa wakubwa. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, waliweka hapo kambi ya wapagazi wao wa vita, na jina la Kiingereza la kikosi hicho likageuka Kariakoo katika vinywa vya wananchi. Makumi ya maelfu ya Waafrika waliobebeshwa mizigo ya vita hiyo walikufa kwa njaa na maradhi. Hakuna aliyewauliza kama ugomvi ule ulikuwa wao.

Leo mzigo ni mwingine. Katika maduka ya Mtaa wa Aggrey zimejaa simu za Tecno na Infinix, mali ya kampuni ya Transsion ya Shenzhen, China. Programu inayoziendesha, Android, ni ya Google ya Marekani. Mwananchi hununua simu moja, akatia mfukoni mataifa mawili yanayohasimiana. Mei 2019 Serikali ya Marekani ilizuia kampuni zake kuiuzia Huawei ya China teknolojia bila kibali, na simu mpya za Huawei zikakosa huduma za Google. Amri ilitolewa Washington, lakini nguvu yake ilifika hadi katika meza za wauza simu wasio na sauti Washington wala Beijing.

Jambo hili si geni nchini. Katika miaka ya 1960 nchi za Magharibi zilikataa kugharamia reli ya kwenda Zambia kwa hoja kwamba haitalipa. China ikakubali kuijenga kwa mkopo usio na riba, na mwaka 1976 reli ya TAZARA yenye kilometa 1,860 ikakabidhiwa kwa wenyewe. Marekani nayo haikukaa kimya: iligharamia sehemu kubwa ya barabara ya lami ya kwenda huko huko. Tanzania ikapata vyote viwili, na haikuuza kauli yake kwa yeyote. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilipoondoa misaada ya kijeshi kwa sababu Ujerumani Mashariki imeruhusiwa ubalozi mdogo Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere aliitaka iondoe na misaada yake mingine. Nchi maskini ililipa gharama ya uamuzi huo, nayo ilijua kwamba italipa.

Sasa mashindano yamerudi juu ya reli zile zile. Desemba 2024 Rais Joe Biden alikwenda Angola kuipigia debe reli ya Lobito, na Septemba 2025 ulitiwa saini mkataba wa kuikabidhi kampuni ya CCECC ya China kazi ya kuifufua TAZARA kwa dola bilioni 1.4, fedha ambayo, ajabu, inahesabiwa kwa sarafu ya mpinzani.

Wapo wanaodai kwamba kununua kwa wote wawili ndiko kutofungamana na upande wowote. Hoja hiyo ni dhaifu. TAZARA ilijengwa ibebe tani milioni 2 kwa mwaka, wala haijawahi kufikia kiwango hicho. Vichwa vya treni na vipuri vyake viliendelea kusubiriwa kutoka ng'ambo. Asiyeweza kutengeneza chombo chake hufungamana na aliyemuuzia, hata kama wauzaji ni kumi.

Kwa hiyo mtumishi wa umma anayeandika masharti ya zabuni ya mitambo au kompyuta anashika sehemu ya uhuru wa nchi mkononi mwake. Aulize michoro itabaki kwa nani, kumbukumbu za wananchi zitahifadhiwa wapi, na ni Watanzania wangapi watafundishwa kazi kabla mgeni hajaondoka. Mkataba usiojibu maswali hayo urudishwe, hata kama mtoaji anatabasamu na muda wa bajeti unakwisha.

Walimu nao wana lao. Vijana wanaofungua simu kwa bisibisi barazani Kariakoo wamejifunza kwa kutazama tu. Mwendo mfupi kutoka hapo ipo Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, yenye maabara na wahandisi. Inafaa milango yake ifunguliwe jioni kwa mafundi hao, hata kama hawana vyeti.