Herufi isiyotosha ndani ya baiti moja

Kinande kina vokali saba za msingi, lakini katika maandishi ya kila siku, Butembo na Beni, tunatumia herufi tano. Kwa hiyo neno erilima, likiandikwa hivyo, ni "kulima" na pia ni "kuangamiza". Sikio halichanganyi, maana vokali zake ni tofauti. Jicho ndilo linalokosa ushahidi. Ndiyo sababu baadhi ya wanaisimu huzitia i na u mkia: į, ų.

Herufi hizo zina kikwazo kingine ndani ya mashini. Klavye ya AZERTY tuliyoizoea Kongo huandika ê kwa hatua mbili: alama ya kofia, kisha e. Kwenye skrini ya maandishi ya Linux, kazi hiyo hufanywa na draiva ya kibodi iliyo ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo. Draiva hiyo ina jedwali la alama, herufi na matokeo. Zamani kila nafasi ya jedwali ilikuwa baiti moja: nambari 0 hadi 255. ê ni 234, inatosha. į katika Unicode ni 303. Ukiibana ndani ya baiti moja inabaki 47, alama ya mkwaju. ų ni 371. Inabaki 115, herufi s. Baadaye nafasi zilipanuliwa zibebe nambari za Unicode, na njia ya zamani ikaachwa ili programu zilizoitegemea zisivunjike.

Anayepitia sahihisho la namna hii huuliza maswali ya fundi. Kumbukumbu inatosha? Programu za zamani zitapokea nini zikikutana na herufi isiyotosha? Ni maswali ya lazima. Lakini lipo jingine: herufi gani zitajaribiwa? Mtu akijaribu kwa ê peke yake, hata jedwali bovu litafaulu.

Hapo ndipo naona kazi yetu. Katika Linux, aliyepitia sahihisho huweza kutajwa ndani yake, na aliyelijaribu vilevile. Kujaribu hakudai uwe bingwa wa kuandika programu. Kunadai ujue kinachopaswa kutokea. Hilo mwanafunzi wa lugha za Kiafrika analijua kuliko fundi yeyote asiyesikia tofauti kati ya kulima na kuangamiza.

Mtu atasema: skrini hiyo inatumiwa na wachache, na kwenye simu herufi hupangwa na programu ya kibodi, si kerneli. Ni kweli. Lakini dhana iliyozaa kasoro ile, kwamba herufi za Ulaya Magharibi zinatosha, yaweza kurudi katika kila tabaka: fonti, kibodi ya simu, kitafutio cha maneno. Kila mahali itasahihishwa na mtu anayehitaji mfano wa kujaribia.

Basi pendekezo langu ni dogo. Kila kazi ya mwisho wa masomo inayogusa tahajia ya lugha zetu iambatane na ukurasa mmoja: herufi zote, nambari zake za Unicode, na jozi za maneno yanayotofautishwa na herufi hizo. Uwekwe wazi kwa yeyote anayeutaka. Tasnifu yenye kurasa mia huenda fundi asiifungue; ukurasa huo ataujaribu siku hiyohiyo.