KIMYA CHA KAUNTI KISIWE RUHUSA YA KUTUUZIA MATOPE

Ndugu wafanyakazi,

Msimu wa mvua uliopita tulifiwa na mwenzetu aliyefanya kazi nasi miaka mingi. Mwili wake ulikuwa upitie nyumbani kwake kwa maombi kabla ya kupelekwa kuzikwa kwao. Gari la maiti lilifika barabara kuu likasimama. Halikuweza kuingia. Tukateremsha jeneza, tukalibeba mabegani ndani ya matope zaidi ya nusu maili, mpaka kwenye nyumba ile aliyoijenga kwa mkopo wa miaka minane. Wazee walisema, "Ni mvua." Lakini mvua haikuchora ile ploti. Ilichorwa na mtu, ikapelekwa ofisini, ikapita. Muuzaji alimwonyesha marehemu karatasi yenye barabara pana iliyopigwa mstari mwekundu. Barabara hiyo iko kwenye karatasi mpaka leo.

Basi twauliza: ni nani aliyeitazama karatasi ile kabla haijapita?

Sheria haikuacha jambo hili wazi. Katiba ya mwaka 2010 imezipa kaunti kazi ya mipango ya ardhi, upimaji na nyumba. Sheria ya mwaka 2019 ya mipango ya ardhi na matumizi yake inasema hapana mtu kuanza ujenzi wala kugawanya shamba pasipo ruhusa ya kaunti. Mwombaji analeta ramani. Kaunti inazipelekea idara zinazohusika, ya barabara, ya maji, ya afya, nazo zinatoa maoni yao. Mwombaji naye anatakiwa kuwatangazia wananchi, ili mwenye pingamizi alete. Tena kama shamba ni la kilimo, iko bodi ya ardhi chini ya sheria ya mwaka 1967, ambayo nayo lazima ikubali. Milango hiyo yote iliwekwa ili mnunuzi asinunue taabu.

Lakini ndani ya sheria hiyo hiyo ya 2019 mna kifungu ambacho kila mfanyakazi akijue. Kinasema mwombaji akikaa siku 60 bila kupata jibu la maandishi, ruhusa itahesabiwa kuwa imetolewa. Twajua kwa nini kiliwekwa: maofisa walizoea kukalia maombi miezi na miezi wakingoja chai. Nia ilikuwa njema. Lakini tazameni mlango uliofunguka. Ofisa asiyetaka kutia sahihi yake kwenye ramani mbovu hana haja ya kuitia. Anaifungia tu kwenye droo. Siku ya 61 ramani imepita yenyewe, na hakuna jina la mtu juu yake. Ukienda kuuliza baadaye, huyu anakuonyesha yule, na yule amehamishwa.

Sasa tufanye hesabu, na hesabu hii haihitaji chuo kikuu. Eka moja ni futi za mraba 43,560. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000. Muuzaji anatoa ploti nane katika eka, zinakula 40,000. Zinabaki 3,560. Panga ploti nne upande huu na nne upande ule, barabara katikati; urefu wake ni futi 200. Gawanya 3,560 kwa 200. Unapata barabara ya futi 17 na kitu, na hapo hujaacha nafasi ya mtaro wala njia ya mtu wa miguu. Lori la mawe likikutana na gari la zimamoto, moja lirudi nyuma. Barabara ya futi 30 peke yake ingetaka futi za mraba 6,000. Na shule? Na zahanati? Na mahali pa watoto kucheza? Hakuna hata futi moja. Ofisa wa mipango aliyesoma anaiona hesabu hii kwa dakika tano. Kama ramani imepita, ama hakuitazama, ama aliitazama.

Wako watakaosema, "Mkitaka ukaguzi mwingi, bei ya ploti itapanda, na wanaoumia ni ninyi wenye mishahara midogo." Hoja hii huletwa na wauzaji, nayo ina sura ya kutuonea huruma. Jibu letu ni fupi. Gharama ya barabara haipotei kwa kutochorwa. Anailipa mnunuzi. Anailipa kwa michango ya murram kila mwaka, kwa maji ya mkokoteni, kwa bodaboda ya kumfikisha mtoto shule iliyo mbali, kwa kisima kilichochimbwa hatua chache kutoka choo cha jirani. Tofauti ni kwamba muuzaji amekwisha kwenda na faida yake.

Na yako mambo mabaya kuliko matope. Novemba 2011 matingatinga yaliangusha nyumba za watu Syokimau, kwenye ardhi ambayo mamlaka ya viwanja vya ndege ilisema ni yake. Wenye nyumba walisimama kando wakiwa na karatasi mkononi, wakisema wamelipa kodi za ardhi na ramani zao za nyumba zilipitishwa. Oktoba 2023 yakaja tena huko huko Mavoko, kwenye ardhi ambayo mahakama ilisema ni ya kiwanda cha saruji. Watu walikuwa wamenunua ploti kwa waliojifanya wenye shamba. Swali la kwanza la ukaguzi wowote ni hili: shamba hili ni la nani? Swali hilo likiulizwa mapema, linamgharimu karani asubuhi moja. Likiulizwa na tingatinga, linamgharimu mfanyakazi maisha yake yote.

Msiambiwe kwamba mambo mema hayawezekani kwa mtu maskini. Mradi wa Dandora ulioanza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulikuwa wa viwanja 6,000, kwa watu wa kipato cha chini. Mpango wake ulihesabu barabara, maji, mabomba ya maji machafu, shule na vituo vya afya pamoja na viwanja, si baada yake. Dandora ya leo ina taabu zake nyingi, na wanachama wetu wanaokaa huko hawahitaji kusimuliwa. Lakini hakuna anayeweza kusema kwamba wazo la kuanza na barabara ni ndoto.

Sasa, ndugu, tuseme na la nyumbani, hata kama litawaudhi wengine. Wauzaji si matajiri wa nje tu. Vyama vyetu wenyewe vya akiba vimenunua mashamba na kuyakata. Nimekaa katika mkutano ambamo mwanachama mmoja aliuliza uwanja wa shule uko wapi kwenye ramani, akazomewa. Aliambiwa, "Unataka tupoteze ploti kumi?" Tulipiga makofi, na mimi nilipiga. Leo watoto wa waliopiga makofi wanavuka barabara kuu kwenda shule. Hatuwezi kuisuta kaunti kwa kufumba macho wakati sisi wenyewe tulimwambia mpima ardhi akaze kamba.

Kwa hiyo tunataka haya:

1. Kila ombi la kugawanya shamba libandikwe sokoni, kwa chifu na kwenye shamba lenyewe, kwa Kiswahili, pamoja na mchoro ambao mtu wa kawaida anaweza kuusoma.

2. Maofisa wa mipango, barabara na maji wafike shambani kwa miguu yao, na ripoti iwe na majina yao na tarehe.

3. Kifungu cha siku 60 kibadilishwe, ramani ya kugawanya shamba isipite kwa kimya. Ofisa anayechelewesha aadhibiwe yeye, asiadhibiwe mnunuzi. Na mpaka kibadilishwe, kaunti ijibu kila ombi kwa maandishi kabla siku hazijaisha.

4. Ardhi ya barabara na ya shule iwekewe bikoni na kuandikishwa kwa ajili ya umma kabla ploti ya kwanza kuuzwa.

5. Vyama vyetu vya akiba visipokee hata shilingi ya mwanachama mpaka barua ya ruhusa ya kaunti isomwe mbele ya mkutano mkuu.

Wakati tunangoja, tusikae. Kabla ya kulipa, chukua nambari ya shamba, nenda ofisi ya mipango ya kaunti, uliza kama ombi lipo na limefika wapi. Usiende peke yako. Nendeni watatu wanne, na mmoja aandike. Ukiona ombi baya karibu na kwenu, andika pingamizi, uwe na nakala iliyopigwa muhuri. Ruhusa ikitolewa juu ya haki yako, sheria inakupa siku 14 za kukata rufani kwenye kamati ya kaunti inayosikiliza mashauri ya mipango. Siku 14 ni chache, basi usizimalizie kwa kulalamika hotelini. Karani wa tawi atawasaidia kuandika barua.

Mishahara tuliipigania kwa miaka. Tusiipeleke ikazikwe katika futi 17 za matope.

Umoja ni nguvu.

Mwanachama mwenzenu, Kamati ya Tawi