Kengele ya Picha: Mlinzi au Mmbea?

Natumaini hakuna aliyekugongea dirisha usiku wa manane. Maana leo tunaongea mambo ya mlangoni.

Kuna kikengele fulani kina jicho. Kinabandikwa getini au pembeni ya mlango. Mgeni akibonyeza, simu yako inalia hata kama uko Mbeya kwenye shughuli zako. Unaiona sura yake, unamsikia, na unaweza kumjibu kama vile uko ndani unakula ugali. Hata asipobonyeza, chenyewe kinashtuka kikiona mtu anapita na kuanza kurekodi. Usiku kinaona gizani. Bomba, siyo?

Sasa sikia. Baba mwenye nyumba wetu hapa Kizwite ametutangazia wapangaji wote 6: kila chumba kitoe shilingi 20,000, kengele inunuliwe. Jibu anataka Jumapili. Sababu yake si ya kuchezea. Mwezi uliopita kijana wa bodaboda wa chumba cha mwisho alilaza pikipiki uani, asubuhi akakuta alama za matairi tu. Pikipiki yenyewe ya mkataba. Hesabu ya wiki inadaiwa kama kawaida, na chombo hakipo.

Tuanze na mazuri, tusije tukaambiwa tuna wivu.

Kwanza, wazo la kamera mlangoni halikutoka kwa matajiri wa mageti makali. Lilitoka kwa nesi. Marie Van Brittan Brown, mwanamke mweusi wa mtaa wa Queens, New York, alikuwa akifanya kazi saa za ajabu na mara nyingi nyumbani yupo peke yake. Polisi wakiitwa walichelewa. Mwaka 1966 yeye na mumewe, fundi wa mambo ya umeme, walibuni kamera ya mlangoni iliyopeleka picha kwenye televisheni chumbani, na njia ya kuongea na mgeni bila kufungua. Hataza yao ilitolewa mwaka 1969. Kwa hiyo dada unayeishi peke yako, ukisikia sauti nzito inasema "mimi fundi wa maji," ujue hofu yako wewe ndiyo iliyokizaa hiki kifaa. Kumwona mtu kabla ya kuondoa komeo ni jambo kubwa.

Pili, picha inaweza kumwokoa asiye na kosa. Mji wetu jina lake lenyewe Kifipa linasema tupa uchawi, lakini kitu kikipotea, midomo haitupi kitu. Pikipiki ilipoondoka, kabla ya saa nne asubuhi uani walishapata mwizi: dada wa chumba cha tatu, eti kwa sababu usiku ule alikuwa na mgeni. Ushahidi? Hakuna. Mpaka leo akienda kuteka maji bombani wenzake wananyamaza. Pangekuwa na picha ya saa nane usiku, huenda yule dada angekuwa anasalimiwa.

Haya, sasa tugeuze shilingi upande wa pili.

Kengele hii inakula umeme au betri, na inakula intaneti. Sisi ni watu ambao kwa miaka mingi umeme wetu ulikuwa unanunuliwa Zambia, kwa hiyo habari za giza hatuhitaji kusimuliwa. Zipo zenye betri ya kuchaji, sawa. Lakini bando nani ananunua? Video haili bando kama meseji, inalifyonza. Likiisha, zinazotegemea intaneti tupu zinakuwa swichi ya ukutani yenye maringo. Afadhali zile zenye kadi ya kumbukumbu ndani, maana zinaendelea kurekodi. Na ukiielekeza barabarani, utakoma: mbuzi akipita simu inalia, upepo ukitikisa kanga kambani simu inalia. Baada ya siku tatu unazima mlio, na mwizi anakuja siku ya nne.

Tena mwizi mwenyewe wa Sumbawanga mnamjua. Mwezi wa saba baridi ya huku juu ikibana, mji mzima tumevaa mzula hadi kwenye nyusi na makoti ya mtumba. Kamera itakuletea picha nzuri kabisa ya koti. Na hata ikikamata sura, kifaa kinaona tu, hakikimbizi mtu. Anayekimbia ni jirani aliyesikia yowe.

Lakini kasheshe kubwa haiko kwa mwizi. Mwizi anakuja mara moja kwa mwaka. Wageni wanakuja kila siku. Nani atakuwa anaangalia hizo picha?

Huko zilikoanzia wameshayaona. Kampuni ya Ring, iliyonunuliwa na Amazon mwaka 2018, ilishitakiwa mwaka 2023 na serikali ya Marekani kupitia tume ya biashara, kwa madai kwamba wafanyakazi waliachiwa kuchungulia video za wateja, na mmoja wao alitazama maelfu ya video za wanawake. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.8 kumaliza kesi. Uingereza nako, mwaka 2021 mahakama ya Oxford iliamua kwamba kamera na kengele ya mtu mmoja vilimvunjia jirani yake faragha. Hakimu alikerwa hasa na vile vifaa vilivyonasa sauti kutoka mbali. Yaani unaongea na shosti wako uani kwako, ya kwako yote yanaingia kwenye simu ya jirani.

Leta hayo kwenye nyumba ya kupanga. Geti moja, vyumba 6, na simu moja mfukoni mwa baba mwenye nyumba. Atajua dada wa chumba cha tatu kaletwa na nani na saa ngapi. Atajua mimi nimerudi nikiyumba. Kesho kodi inapanda, unaambiwa "wewe una wageni wengi." Na mume aliyeko Mpanda anaweza kukaa anamhesabia mkewe wageni kama karani wa sensa. Huo siyo ulinzi tena, ni umbea wenye chaji.

Katiba yetu ibara ya 16 inalinda maisha binafsi ya mtu na maskani yake. Na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Msingi wake ni rahisi: ukikusanya taarifa za mtu, ziwe kwa shabaha inayojulikana, zisizidi mahitaji, na usizigeuzie kazi nyingine. Picha ya kukamata mwizi wa pikipiki isigeuke kuwa daftari la mahudhurio ya wachumba.

Wahenga walituachia hodi. Unapiga mara tatu, usipojibiwa unageuka. Uzuri wake ni kwamba wote wawili mnajulikana: anayepiga anajitaja, anayeitika anasikika. Kengele ya picha inamwona mmoja tu, mwingine kajificha nyuma ya kioo.

Basi msimamo wangu wa Jumapili huu hapa. Elfu 20 yangu natoa, kwa ajili ya yule kijana na kwa ajili ya yule dada. Ila kwa masharti. Jicho litazame geti, lisitazame milango ya vyumba. Sauti izimwe, iwashwe tu mtu akibonyeza. Picha zikae ndani ya kadi na zifutwe kila baada ya wiki. Na zisifunguliwe mpaka kuna tukio, tena mbele ya baba mwenye nyumba na mpangaji mmoja tuliyemchagua wenyewe. Kabla ya yote hayo, tununue mnyororo na kufuli la maana, na taa ya uani. Mwizi wa mwezi uliopita hakuhitaji kupigwa picha, alihitaji kukuta pikipiki imefungwa kwenye nguzo.

Akikataa masharti? Basi hela yangu inakwenda kwenye kufuli, na hodi inaendelea.

Wewe je, ungechanga? Jadilianeni huko kijiweni bila kutoana macho. Tukutane wiki ijayo, na ukija kwangu, piga hodi!