UCHAMBUZI: Siri za wanafunzi zikivuja, sheria yawapa wazazi na walimu njia zipi?

MZAZI anapomsajili mwanawe shuleni, hukabidhi mengi zaidi ya karo. Hutoa nakala ya cheti cha kuzaliwa, nambari ya kitambulisho chake, nambari ya simu, mahali anapoishi, dini yake na hata maradhi yanayomsumbua mtoto. Mwalimu naye huacha katika afisi iyo hiyo nambari zake za TSC na KRA, akaunti yake ya benki na rekodi zake za nidhamu.

Kwa miaka mingi stakabadhi hizo zilifungiwa katika kabati la chuma. Siku hizi nyingi zimo katika tarakilishi na katika programu za kampuni ambazo mzazi hazijui hata kwa jina. Zikivuja, hasara yake haiishi kwa siku moja. Nywila yaweza kubadilishwa, lakini tarehe ya kuzaliwa ya mtoto haibadiliki, wala majina ya wazazi wake.

Wakenya wanaijua vyema simu ya tapeli anayedai kwamba mtoto ameumia shuleni na pesa zinahitajika hospitalini mara moja. Simu ya aina hiyo huaminika zaidi iwapo anayepiga anajua jina la mtoto, darasa lake na jina la mwalimu wake.

Funzo kubwa la karibuni limetoka Marekani. Mnamo Desemba 2024, mdukuzi alitumia nywila iliyoibwa kuingia katika mfumo wa PowerSchool, kampuni ya California inayohifadhi rekodi za shule nyingi za Marekani na Canada. Waendesha mashtaka walisema data iliyohusika ilikuwa ya zaidi ya wanafunzi milioni 60 na walimu milioni 10.

Kampuni hiyo ilikiri kuwa ililipa kikombozi ili data ifutwe. Hata hivyo, kufikia Mei 2025 baadhi ya shule zilikuwa zikipokea vitisho vipya kuhusu data iyo hiyo. Mhalifu, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa na umri wa miaka 19 alipokiri makosa, alihukumiwa kifungo cha miaka minne mnamo Oktoba 2025 na kuamriwa kulipa takriban dola milioni 14.

Kifungo hicho hakikuirejesha siri iliyokwisha kutoka. Familia na walimu walikwenda kortini, na kesi zao nyingi zikaunganishwa katika mahakama ya shirikisho mjini San Diego. Lakini tangu 2002 wazazi wa huko wana kizingiti kikubwa: Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria ya 1974 inayolinda rekodi za wanafunzi haimpi mtu binafsi haki ya kushtaki kwa sababu imevunjwa. Hivyo, hulazimika kutegemea madai ya uzembe na sheria za majimbo.

Hapa ndipo Kenya, angalau kwenye karatasi, imeitangulia nchi hiyo tajiri. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinamlinda kila mtu dhidi ya kufichuliwa kwa habari za familia yake au za faragha bila sababu. Juu ya msingi huo ikajengwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019, ambayo inazihesabu hali ya afya na habari za familia, yakiwemo majina ya watoto na wazazi, kuwa data nyeti.

Sheria hiyo haibagui shule ya umma na ya kibinafsi. Anayeamua data ikusanywe kwa nini na itumike vipi ndiye anayewajibika, hata kama ameipa kampuni nyingine kazi ya kuihifadhi. Kwa hivyo mwalimu mkuu hawezi kunawa mikono kwa kusema kwamba waliovamiwa ni wenye programu. Kampuni nayo haiponi: inatakiwa kuiarifu shule ndani ya saa 48 baada ya kujua kwamba data imevamiwa.

Shule kwa upande wake ina saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data, iwapo kuna hatari halisi kwamba wenye data watadhurika. Aidha, ni sharti iwaandikie wenyewe, iwaeleze kilichotokea na hatua wanazoweza kuchukua ili kupunguza madhara. Shule inayonyamaza ili kulinda jina lake huwa imeongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Je, mzazi aanzie wapi? Hatua ya kwanza ni kuiandikia shule na kutaka kujua ni data gani yake na ya mwanawe iliyomo, na ni nani mwingine aliyepewa. Hiyo ni haki yake kisheria, na kanuni za 2021 zinaitaka shule ijibu ndani ya siku saba bila malipo. Jibu hilo, au ukosefu wake, litakuwa ushahidi baadaye.

Hatua ya pili ni kulalamika kwa Kamishna. Malalamishi yaweza kutolewa kwa mdomo au kwa maandishi, na mzazi anaruhusiwa kumwakilisha mtoto. Sheria inataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 90. Kamishna akiridhika kwamba sheria imevunjwa, anaweza kuamuru shule irekebishe mambo, kuitoza faini, au kuamuru mlalamishi alipwe fidia.

Makali ya afisi hiyo yalionekana Septemba 2023, wakati Kamishna Immaculate Kassait alipoitoza shule ya Roma ya Uthiru Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Hakukuwa na mdukuzi katika kisa hicho, bali ni shule yenyewe iliyozianika picha. Ikiwa picha zilizotumiwa bila idhini zilileta adhabu hiyo, ni vigumu kwa shule kudai kwamba rekodi za matibabu zilizoachwa bila ulinzi ni jambo dogo.

Lakini faini si fidia. Pesa hizo huenda kwa Serikali, si kwa mzazi. Anayetaka kulipwa hutegemea Kifungu cha 65, ambacho kinasema aliyedhurika kwa kuvunjwa kwa sheria hiyo anastahili fidia kutoka kwa mhusika. La muhimu zaidi ni kwamba madhara hayo si lazima yawe ya pesa. Dhiki ya moyo pia inahesabiwa. Mama wa mtoto ambaye ugonjwa wake umetangazwa kijiji kizima halazimiki kuonyesha risiti.

Shule nayo ina kinga yake. Haitalipa ikithibitisha kwamba haihusiki kwa njia yoyote na kilichosababisha madhara. Ndiyo maana ushahidi ni nguzo. Ujumbe wa tapeli, nambari aliyotumia, tarehe, taarifa ya M-Pesa na barua ya shule vihifadhiwe tangu siku ya kwanza.

Njia ya tatu ni Mahakama Kuu. Kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu mtu kushtaki kwa niaba ya kundi, na kinasema kesi ya kutetea haki za kimsingi haitatozwa ada ya kuifungua. Wazazi 300 wa shule moja hawana haja ya kuajiri mawakili 300. Tahadhari ni kwamba mahakama humtaka mlalamishi amalize kwanza njia zilizowekwa na sheria, na anayemruka Kamishna bila sababu nzito huenda akarudishwa kwake. Asiyeridhika na uamuzi wa Kamishna ana haki ya kukata rufaa katika mahakama iyo hiyo.

Kwa walimu na wafanyakazi wengine, kikwazo kikuu ni hofu ya kibarua kuota nyasi. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kumlalamikia mwajiri si sababu halali ya kumfuta mtu kazi, isipokuwa malalamishi yakionekana hayana msingi. Walimu wa shule za umma wana pia vyama vyao, KNUT na KUPPET, ambavyo vinaweza kubeba malalamishi ya wengi kwa sauti moja.

Mdukuzi mwenyewe hashughulikiwi na Kamishna pekee. Sheria ya Uhalifu wa Mitandao ya 2018 inaweka adhabu ya hadi Sh5 milioni au kifungo cha miaka mitatu, au zote mbili, kwa anayeingia katika mfumo wa tarakilishi bila ruhusa. Ripoti ya polisi pia humsaidia mzazi ikiwa siku moja atadaiwa mkopo uliochukuliwa kwa jina lake.

Muda nao haumsubiri mtu. Madai ya madhara dhidi ya Serikali yana kikomo cha miezi 12, na dhidi ya watu wa kawaida miaka mitatu. Anayengoja hadi hasira zipoe huenda akakuta mlango umefungwa.

Hata hivyo, udhaifu upo. Adhabu ya juu anayoweza kutoza Kamishna ni Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka, kutegemea ipi ni ndogo. Kwa kampuni kubwa hicho ni kiasi cha kuvumilika. Kwa shule ya mtaa, kila shilingi ya faini itatafutwa katika karo ya wazazi wale wale walioumia.

Kwa sababu hiyo, kesi iliyo bora ni ile isiyohitajika. Bodi ya shule yafaa kuuliza leo kwa nini nakala za vitambulisho vya wazazi ambao watoto wao walimaliza masomo zamani bado zimehifadhiwa. Kisichokuwepo hakiibwi. Naye mzazi, kabla ya kujaza fomu ya muhula ujao, ana haki ya kuuliza kila swali lililomo lina kazi gani. Maji yakimwagika hayazoleki, na siri ya mtoto ni vivyo hivyo.