Butiama si kaburi la Mwalimu peke yake

Mtajie kijana wa mjini neno Butiama, atakujibu kwa jina moja tu: Nyerere. Hana kosa. Mwalimu alizaliwa pale, akazikwa pale Oktoba 1999, na makumbusho yake yalifunguliwa pale pale mwaka huo huo, miezi michache kabla hajafariki. Wageni wanakuja, wanapiga picha, wanaweka mashada, wanaondoka.

Sasa nauliza: jirani wa Mwalimu je? Yule mama wa Butiama, au wa Bunda, au wa Musoma, aliyebeba maji ya kufyatulia matofali ya kanisa dogo la bati, historia yake iko wapi? Nani ameiandika?

Wandugu, leo nataka kusema jambo moja tu. Historia ya usharika mdogo ni historia ya nchi, na tunaiacha ipotee kwa uzembe wetu wenyewe.

Tuanze na Mwalimu huyo huyo, maana mfano wake unafundisha. Alipozaliwa aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa sababu siku hiyo mvua ilinyesha. Hiyo ndiyo iliyokuwa rejista ya Wazanaki: mvua, njaa, vita, nzige. Tarehe tunayoisoma leo ni 13 Aprili 1922. Lakini ubatizo wake una mahali na siku: Nyegina, 23 Desemba 1943. Kanisa Katoliki lina desturi ya kumwandika kila anayebatizwa, awe mtoto wa mtemi au wa mchunga mbuzi. Siku anapobatizwa hakuna anayejua kama atakuwa rais au atakuwa mvuvi. Anaandikwa tu. Naomba tukumbuke hilo, kwa sababu sisi tunasubiri mtu awe mkubwa kwanza ndipo tuanze kumtafutia historia.

Sasa tuje kwa Walutheri, ambao kisa chao huku Mara kinanivutia sana. Ungetegemea Mjerumani aliyetawala mpaka ufukwe huu wa Ziwa awe ameleta pia Ulutheri wake. Wapi! Wamisionari wa Leipzig walishika Kilimanjaro tangu 1893. Wa Bethel wakaingia Buhaya mwaka 1910. Huku kwetu wakatangulia wengine: Wakatoliki, Waadventista, kisha Wamennonite wa Marekani waliofungua Shirati mwaka 1934. Makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana tarehe 19 Juni 1963 kuwa KKKT, hakuna hata moja lililokuwa la Mara. Leo KKKT ina Dayosisi ya Mara. Imefikaje hapo?

Kwa sehemu kubwa imeletwa na uhamisho wa kazi. Ndiyo, ile barua ya serikali. Mwalimu wa shule kapangiwa Musoma akitokea Moshi. Karani katokea Bukoba. Nesi katokea Singida. Mfanyabiashara kafuata pamba au samaki. Wamefika, hawakuikuta ibada waliyoizoea, wakaanza kukutana sebuleni kwa mmoja wao. Baadaye wakaomba darasa la shule siku za Jumapili. Baadaye kiwanja. Baadaye mwinjilisti. Kengele ikawa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti. Wenyeji wakaingia mmoja mmoja, kwaya ikaimba, mnada wa mavuno ukanunua bati. Ndivyo sharika nyingi za miji midogo zilivyozaliwa.

Unaona uzuri wa jambo hili? Ni kanisa lililoanzishwa na Watanzania wenyewe, watu wa mshahara mdogo, bila meli na bila bodi ya Ulaya. Tungelijivunia sana. Lakini humo humo ndimo lilimo tatizo.

Mmisionari aliandika. Alilazimika kuandika, maana waliomtuma walitaka kujua hela yao inafanya nini. Ndiyo maana leo anayetaka kujua jinsi sharika za kwanza za Kilimanjaro zilivyoanza anaweza kwenda Halle, Ujerumani, zilikohifadhiwa karatasi za Leipzig. Atakuta barua, ripoti na picha, zote kwa macho ya Mzungu, lakini atakuta kitu. Usharika wa Mara ulioanzia sebuleni kwa karani haukuwa na wa kumwandikia ripoti. Kwa maneno mengine, kanisa tulilolianzisha wenyewe ndilo lenye kumbukumbu dhaifu kuliko yote. Jamani, hii si aibu?

Na kuna la pili. Mtumishi wa serikali akistaafu hurudi kwao. Mwalimu aliyeanzisha ibada yuko Machame, karani yuko Muleba, nesi amefariki na watoto wake wapo Dar es Salaam, Tabata au Kimara, wanasoma makala kama hii bila kujua kwamba sebule ya mama yao ilikuwa kanisa. Wazee waliobaki usharikani ni wale waliojiunga baadaye. Kila uhamisho umeondoka na ukurasa mmoja.

Majirani zetu Wamennonite wamejitahidi zaidi. Zedekia Kisare, aliyewekwa kuwa askofu wao wa kwanza Mwafrika mwaka 1967, alisimulia maisha yake, kikatoka kitabu mwaka 1984. Lakini kilitoka kwa Kiingereza, kikachapishwa Pennsylvania. Wazee wa Mara Kusini nao waliandika historia za makabila yao kwa mikono yao, na mwanahistoria Jan Bender Shetler akazikusanya. Mkusanyo huo ulichapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 2003. Nawashukuru waliofanya kazi hizo. Ila tusiseme tena kwamba wazee wetu hawaandiki. Wanaandika. Sisi ndio hatuchapishi wala hatuhifadhi.

Najua mtaniambia kuna vijitabu vya jubilei. Nimevisoma. Picha ya askofu, picha ya mgeni rasmi, orodha ya wachungaji na miaka yao, gharama ya jengo, basi. Ugomvi uliowafanya watu kumi na wawili wahamie kwa Wapentekoste haumo. Mwaka wa njaa haumo. Miaka ya Operesheni Vijiji haimo, wakati watu walihamishwa na makanisa yakabaki kwenye mahame. Na majina ya akina mama hayamo kabisa! Wamewekwa pamoja katika sentensi moja: "akina mama walijitolea sana." Hiyo ni namna ya heshima ya kumfuta mtu.

Mwingine atasema, Mungu anajua, inatosha. Sawa. Lakini mjukuu wa aliyetoa kiwanja hajui. Butiama ilipopewa hadhi ya wilaya mwaka 2012, ardhi haikubaki na bei ya zamani, na ndivyo inavyokuwa kila mji mdogo unapokua. Kiwanja kilichotolewa kwa mdomo, chini ya mti, mbele ya wazee watatu ambao wote wameshazikwa, kitatetewa na nani siku mjukuu atakapokuja na mpima ardhi? Hapo historia inaacha kuwa hadithi za jioni, inageuka kuwa ushahidi. Na mjukuu naye ana haki yake: pengine babu yake alikiazima tu, hakukitoa. Bila maandishi, wote wawili watadhulumiana kwa nia njema.

Kwa hiyo wewe uliyesoma, mwenye simu inayorekodi sauti mfukoni, kazi yako ni ndogo mno. Likizo ijayo usimuulize mzee "historia ya kanisa", atakupa hotuba. Muulize ibada ya kwanza ilikuwa nyumbani kwa nani. Nani alipika siku ile. Nani alitoa kiwanja, na nani walikuwepo. Nani alikuwa wa kwanza kubatizwa, na nani aliondoka, kwa nini. Muulize na bibi, tena bibi kwanza. Andika kwa Kiswahili, toa nakala tatu: moja ofisi ya usharika, moja dayosisi, moja kwenu.

Mwalimu ana makumbusho, naye anastahili. Lakini nchi aliyoijenga ilijaa watu waliokutana sebuleni Jumapili asubuhi, wakakaa kwenye mikeka, wakaanzisha kitu ambacho kipo mpaka leo. Wachache wao bado wako hai. Wapigie simu wiki hii.