Tuzihesabu Pumzi za Watoto Wetu



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), wiki hii twapenda kusema na kina mama juu ya pumzi. Wengi wetu hapa pwani tuna mabinti na wajukuu Nairobi, katika vyumba vya mabati vya Kibera na Kawangware. Huko, Juni na Julai, baridi huwa kali. Jiko la makaa huingizwa ndani, mlango hufungwa, na mtoto hulala katika moshi. Moshi huo hudhoofisha mapafu, na nimonia hupata njia.

Tulipozuru Kibera tuliletewa mtoto wa miezi minane tumsomee. Wazazi walidhani amepigwa jicho. Hakuwa akilia, alikuwa akihema. Tukaifunua nguo yake, tukatazama saa, tukahesabu pumzi 64 kwa dakika moja, na kila akivuta pumzi nyama ya chini ya mbavu ilibonyea ndani. Tulimwambia mama ambebe twende kituo cha afya, na kisomo tukakisoma njiani. Ilikuwa nimonia. Akapewa oksijeni na dawa, akapona kwa uwezo wa Mola.

Twakiri kwamba miaka ya nyuma tulimsomea mwingine mwenye dalili hizo hizo, tukawaambia wazazi wamrudishe nyumbani wasubiri. Hakufika asubuhi. Ndiyo sababu twaandika haya.

Basi hesabu ni hii. Mtoto mwenye kikohozi akiwa ametulia, hesabuni kifua kinavyoinuka kwa dakika nzima. Aliye chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Wa miezi 2 hadi 12, ni 50. Wa mwaka 1 hadi 5, ni 40. Na kifua kikibonyea, au midomo ikiwa samawati, au mtoto akishindwa kunyonya, msingoje hesabu: nendeni hospitali saa hiyo hiyo, japo ni usiku.

Pumzi yenye sauti kama mluzi, hasa usiku, huenda ikawa pumu. Dawa yake ya kuvuta si aibu. Na mgonjwa wa kisukari akihema pumzi ndefu, nzito, ilhali hakufanya kazi yoyote, naye akimbizwe kwa daktari.

Waambieni mabinti zenu jiko likae nje, dirisha lifunguliwe, na mtoto akamilishe chanjo ya nimonia, ambayo Kenya yawapa watoto wachanga tangu 2011.

Dini yetu haikututaka tuchague baina ya dua na dawa. Mwenye kuipokea dua ndiye aliyeiumba dawa. Mama amsomee mwanawe, lakini amsomee akiwa njiani.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu. Amin.